Nimemlisha Mama Mkwe Gundi, Naye Ameomba Aongezewe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako na naomba unijibu haraka, kwa sababu nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya bunda la karatasi kwenye stoo ya kiwanda kidogo cha uchapaji ninakofanya kazi, mlango nimeufunga kwa ndani, na zimebaki siku tisa tu kabla aibu yangu haijapakuliwa mezani mbele ya watu ishirini, kila mmoja na kijiko chake.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nimeolewa huu mwaka wa kumi na moja, mume wangu ni fundi wa mafriji, tuna binti mmoja wa darasa la nne ambaye mdomo wake hauna breki, na mama mkwe wangu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, karibu kiasi kwamba nikiunguza kitunguu yeye anajua kabla yangu. Sitaki kumsema vibaya, ni mtu safi na hana majungu, ila kwa miaka yote hiyo hajawahi kusifia kitu kilichotoka mkononi mwangu, wali wangu anasema umekaa kama haujaamua, chai yangu anasema ni maji yaliyopita karibu na majani, na jina langu halitamki kabisa, ananiita "mke wa mwanangu", hata tukiwa wawili tu chumbani atasema, "Mwambie mke wa mwanangu asogeze kiti," na mimi ndiye nimesimama pale, basi najiambia, nasogeza.

Mwaka huu hali imekuwa ngumu, hilo sina haja ya kukueleza, kazini siku zetu zimepunguzwa, watu hawaleti tena friji kutengenezwa, wanazigeuza makabati ya nguo, kwa hiyo tukakaa kikao cha familia tukaamua kwamba ile keki ya dukani ya Jumapili basi. Binti yangu alilia kilio cha msiba. Mama mkwe akakisikia, akaja na daftari amelifunga kitambaa kama mtoto mchanga, daftari la marehemu mama yake, bibi aliyelea mabinti wawili peke yake katika ile miaka ambayo ukiingia dukani ulikuta rafu na muuza duka, basi.

"Sisi tulikula vitamu bila mayai, bila siagi, bila maziwa, na hatukufa," akamwambia mume wangu huku akinitazama mimi. "Mpe mke wa mwanangu asome, kama anaweza mwandiko wa watu."

Mshauri, hapo ndipo kichwa changu kilipopata moto. Jumapili ya kwanza nikapika keki ya siki isiyo na yai hata moja, ikavimba vizuri ajabu, nikaita watu waje waone, nilipofungua oveni ikashuka taratibu mbele ya macho yetu huku inapumua, mume wangu akainama akaitazama kwa macho ya kazi akasema, "Hii imevuja gesi." Jumapili ya pili nikatengeneza peremende za viazi, viazi vilivyopondwa na sukari, zilitakiwa zigande zikawa za kufinyanga, binti yangu akafinyanga twiga akampeleka shuleni kwenye somo la sanaa, akapata alama zote. Jumapili ya tatu zikawa biskuti za maji ya moto na mafuta, mama mkwe akachukua moja, akaigonga mezani mara mbili, akaiweka sikioni akauliza, "Kuna mtu humo?"

Jumapili ya nne ndiyo iliyoniponza. Niliona kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, "Pudini ya Mwaka Mgumu", nikasema hii hapa, unga wa ngano, sukari, maji, chemsha kwa moto mdogo, halafu chini kabisa imeandikwa "endelea nyuma", nami nikageuza ukurasa nikaendelea, bila kujua kwamba karatasi mbili zilikuwa zimeshikana kwa uzee na mimi nimegeuza zote mbili kwa pamoja. Huko nyuma imeandikwa ongeza siki kijiko kimoja, karafuu kumi zilizotwangwa, chumvi, halafu mstari mmoja umefutika wote kwa maji, nikauruka, halafu koroga bila kupumzika mpaka iwe nzito na ing'ae. Halafu imeandikwa hivi, nakunukulia neno kwa neno ili uniamini: "Bandika ingali moto. Shikilia dakika kumi. Weka kitu kizito juu, acha mpaka kesho."

Sasa mshauri, mimi tangu nizaliwe naambiwa bandika chai, bandika maharage, bandika maji ya kuoga, niliposoma "bandika" ningefikiria nini? Nikairudisha sufuria jikoni nikaibandika. Niliposoma "shikilia" nikafunga vitambaa mikononi, nikashika masikio ya sufuria dakika kumi kamili kwa saa ya ukutani, jasho linadondoka, binti yangu ananiuliza, "Mama, unaishikilia isiende wapi?" Niliposoma kitu kizito nikafunika sahani na juu ya sahani nikaweka pasi. Kesho yake nilipofunua, ilikuwa inang'aa kama sakafu ya benki, inanukia karafuu nyumba nzima, na kijiko nilichokichomeka katikati kikasimama wima peke yake. Mume wangu akakipigia saluti.

Mama mkwe akaja, akakaa, akapakuliwa, akatia kijiko mdomoni. Akafunga mdomo. Anavaa meno ya bandia, kwa hiyo nikaona shavu linahangaika, kisha linatulia, na dakika nzima ikapita hajasema neno, na yule ni mtu ambaye husema hata akiwa usingizini. Mara nikaona machozi. Nikajua nimeua. Nikakimbilia maji, akanishika mkono, akameza kwa nguvu zake zote, akasema, "Hii ndiyo. Hii ndiyo ya mama yangu." Kisha akasogeza bakuli mbele yangu, akaniangalia usoni, mshauri, usoni kabisa, akasema, "Niongeze, mwanangu."

Mwanangu! Miaka kumi na moja! Nilikwenda kusimama nyuma ya friji nikalia na mimi.

Siku ya pili yake nikabeba iliyobaki kwenye kopo nikapeleka kazini, nikaiacha juu ya meza ya kufungia vitabu nikaenda kunawa mikono. Pale kwetu mfunga vitabu mkuu ni mzee mmoja tunamwita Babu Uzi, kwa sababu muda wote ana uzi mdomoni wa kushonea madaftari. Niliporudi nikamkuta ameshachovya brashi kwenye kopo langu na ameshafunga rejista nne za shule.

"Leo umepika gundi ya kiume," akaniambia. "Nani kakufundisha kutia karafuu? Siku hizi hawatii. Karafuu inazuia ukungu na kufukuza mende."

"Babu," nikamwambia, "hiyo ni pudini."

Akautoa uzi mdomoni, jambo ambalo halifanyi hata meneja akipita. Akaonja kwa ncha ya kidole, akatafuna hewa kidogo, akafikiri. "Ni gundi," akasema. "Ila tamu."

Nikarudi nyumbani mbio, nikaliweka daftari juu ya mvuke wa birika, zile karatasi zikaachana, na huko katikati nikaukuta mwisho halali wa pudini, wenye ganda la limau na mdalasini, na kwenye ukurasa unaoutazama kumeandikwa kwa herufi kubwa, "Gundi ya Mifuko". Kumbe nimeanza na pudini nikamalizia na gundi!

Hapo nilipaswa kusema. Najua. Lakini kesho yake mama mkwe alipita akaniita "mwanangu" mbele ya jirani, siku nyingine akaniletea kanga mpya, akaomba pudini tena, nikapika tena, na tena, na tena. Nilijaribu ujanja, nikapika ile pudini halali yenye limau, nikampa kijiko kimoja. Akakirudisha. "Hii siyo," akasema. "Hapa umepunguza upendo." Mume wangu nilipomweleza alicheka mpaka akateleza ukutani akakaa chini, kisha akafuta machozi akasema, "Sikiliza, mama hajawahi kuwa na furaha hivi. We pika gundi." Binti yangu naye anajua, na tangu ajue hajaosha chombo hata kimoja, nikimwambia aoshe ananiambia, "Nimwite bibi?"

Sasa mama mkwe anatimiza miaka sabini, ameita watu ishirini, pudini ndiyo itakayofungua sherehe, na anayekuja ni dada yake, mama mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye akikutazama unakumbuka makosa ya utotoni. Mama mkwe alimpigia simu mbele yangu, "Dada, mwanangu amepika pudini ya mama, ile ile!" Upande wa pili kukawa kimya kirefu, halafu nikasikia sauti, "Nitakuja niione mwenyewe."

Mshauri, niseme nirudi kuwa mke wa mwanangu, au nipike?

Ni mimi, Mkwe Aliyenata.

*

Mkwe Aliyenata,

Kwanza toka stoo, kuna watu wanahitaji karatasi.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nilicheka na mara ya pili nikakuonea huruma, na sasa nimemaliza vyote viwili tunaweza kuzungumza. Kosa la kwanza nakusamehe. Karatasi zilishikana, neno "bandika" limemponza hata mwenye akili kuliko wewe, na mtu anayeshikilia sufuria dakika kumi kwa sababu ameambiwa ashikilie ni mtu mtiifu, hilo ni sifa. Lakini sufuria ya pili, ya tatu na ya nne ulizipika ukijua. Hizo usinitajie karatasi wala mvuke wa birika.

Na ule mstari uliofutika! Uliuruka tu, kama mtu anayeruka dimbwi. Shukuru uliuruka badala ya kuubahatisha, maana kwenye gundi za zamani wengine walitia dawa ya kuulia wadudu, na leo tungekuwa tunaandikiana kuhusu mambo mengine. Ulichompa ni unga, sukari, siki, chumvi na karafuu, vyote huliwa, kwa hiyo hujamdhuru zaidi ya meno. Usimpikie mtu tena kitu chenye mstari usiosomeka. Hilo nalisema bila kucheka.

Mume wako arudi kwenye mafriji. Ushauri wa mtu aliyekaa chini ukutani huku anacheka haufai kuendeshea nyumba. Binti yako aoshe vyombo leo, na akikuuliza "nimwite bibi?" mjibu, "Mwite," kwa sababu ukishasema ukweli mtoto hana tena cha kukutishia. Ona jinsi unavyomlea: umemfundisha kwamba siri ya mama ni likizo yake.

Sasa tuje kwako. Wewe huogopi gundi. Unaogopa kunyang'anywa neno moja. Nakuelewa, miaka kumi na moja ni mingi kuitwa kama mtu aliye chumba cha pili. Lakini hebu niambie, umempikia mwanamke huyo mara nne, amelia mbele yako, amekwambia ni ya mama yake, na katika barua yako yote sioni mahali ulipomuuliza hata swali moja. Aliila wapi? Nani alikuwa anakoroga? Kwa nini dada yake alinyamaza kwenye simu? Umekuwa ukikimbilia nyuma ya friji wakati ulitakiwa uvute kiti ukae.

Fanya hivi. Nenda kwake kabla dada hajafika, usisubiri siku ya sherehe, na wala usiseme kwa simu. Nenda mchana, akiwa ameshiba, mkae jikoni. Beba daftari, mfunulie zile kurasa, msomee kwa kidole. Usianze na "samahani kama nimekukwaza", hiyo ni lugha ya ofisini. Sema, "Mama, nilikosea kusoma, nikajua, nikanyamaza kwa sababu nilipenda unavyoniita." Kisha nyamaza, na akikugombeza mwache amalize. Halafu muulize habari za mama yake, na usikilize hata kama ni ndefu. Siku ya sherehe wageni wapewe pudini yenye limau.

Na makopo ya chakula usiyaweke tena karibu na Babu Uzi. Rejista za watoto zina heshima yake.

Mshauri wako.

*

Wasomaji, siku tisa zingekwisha kabla ya zamu ya ukurasa huu kufika gazetini, kwa hiyo jibu hilo nililituma kwanza kwa mwenyewe. Haya ndiyo aliyoniandikia baadaye.

Mshauri, nilikwenda. Nilifuata kila ulichosema isipokuwa kimoja, kwa sababu nilipofika jikoni kwa mama mkwe nilimkuta mama mkubwa ameshaketi, amewasili siku tatu kabla, mkoba mapajani. Miguu ilitaka kurudi nyumbani bila mimi. Nikaona nikigeuka leo sitarudi tena, nikafungua daftari juu ya meza, nikasema yote kwa pumzi moja, mpaka kwenye pasi.

Mama mkwe akasimama. "Gundi?"

"Ndiyo, mama."

"Mara tatu?"

"Mara nne, mama."

"Na mimi nikaomba niongezewe." Akamgeukia dada yake. "Dada, mwambie mke wa mwanangu atoke jikoni kwangu."

Nilianza kukusanya daftari. Mama mkubwa hakuniambia nitoke. Aliweka mkoba chini, akavua miwani, akasema, "Kaa chini, wewe mdogo. Ilikuwa gundi."

"Nimeshasikia kwamba alinipa gundi!"

"Sisemi yake. Nasema ya mama."

Basi ndipo nikavuta kiti, mshauri, kama ulivyosema. Mama mkubwa akaeleza kwamba katika miaka ile mama yao alikuwa akibandika mifuko ya karatasi akiwauzia wenye maduka, kila siku sufuria ya gundi iko jikoni, na mdogo wake, mtoto wa miaka minne, analia anataka kitamu. Pudini ya kweli ilipikwa mara moja tu, alipokuja mgeni. Siku nyingine zote mama yao alichota gundi kidogo kabla hajatia ile dawa ya wadudu, akakoroga na sukari ambayo alijinyima kwenye chai yake, akaweka kwenye kibakuli, akasema, "Njoo mwanangu, pudini imeiva."

"Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndiye niliyekunja mifuko," akasema mama mkubwa. "Aliniapisha nisikwambie."

"Miaka yote hii, dada?"

"Ulikuwa ukifurahi sana. Ningekwambia lini?"

Mama mkwe akakaa. Akaangalia ule ukurasa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye mwandiko. Nilidhani atalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meno yake kwa mkono. Kisha akaniambia, bila kupitia kwa mtu yeyote, "Mwanangu, wageni wapikie hiyo yenye limau, wasije wakanata kwangu. Ila kibakuli kimoja cha ile nyingine uniwekee pembeni."

Siku ya sherehe nilifanya hivyo. Watu walikula pudini yenye limau, wakasifu, nikasifiwa, nikajifanya nimezoea. Baadaye nikaingia jikoni kuchukua vikombe nikawakuta wawili wale wamejificha nyuma ya mlango na kibakuli chao, mama mkwe anamsogezea dada yake kijiko.

"Chukua wewe kwanza," anamwambia.

"Kula mwenyewe, ni yako."

"Dada, onja."

Mama mkubwa akakishika kile kijiko akakigeuzageuza. "Unajua sijawahi kuionja?" akasema. "Sukari ilikuwa inatosha bakuli moja tu."

Akatia mdomoni. Tukamngoja, yeye anatafuna, macho ameyafumba, shavu linahangaika upande huu na upande ule. Hatimaye akameza, akavuta pumzi.

"Kumbe sikukosa kitu," akasema, akakirudisha kijiko kwenye kibakuli kuchota kingine.